Sura ya Saba: Alama ya Kijani na Mstari Mtupu

Simu iliingia Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, nikiwa bado kwenye daladala. "Kaka, barua pepe zimegoma chuo kizima," alisema kijana wa kitengo cha TEHAMA. "Na bakapu ya usiku imepita vizuri. Nimeangalia, kijani tupu."

Alikuwa anasema kweli. Nilipofika na kufungua programu ya nakala rudufu niliona alama za kijani zikiteremka usiku baada ya usiku, hakuna hata mmoja ulioruka. Mashine pepe ya barua pepe, Exchange 2013 juu ya Windows Server 2012 R2, ilikuwa imenakiliwa mwaka mzima bila kukosa. Lakini diski yake ya logi, gigabaiti 200, ilikuwa imejaa pomoni. Exchange huandika kila badiliko kwenye faili za logi zenye ukubwa wa megabaiti moja moja, na humo ndani zilikuwa zimelundikana karibu laki mbili. Diski ilipokosa nafasi, kanzidata ilijifunga yenyewe. Ndivyo ilivyoundwa: isimame kuliko kuandika nusu.

Tuliongeza gigabaiti 50 kwenye diski ile, jambo ambalo kwa mashine pepe ni la dakika chache ilimradi haina picha ya diski, yaani snapshoti, iliyosahauliwa, tukaifungua kanzidata, na barua zikaanza kutembea. Kijana alitaka tufute logi za zamani kwa mkono tupate nafasi zaidi. Nilimkatalia. Huwezi kujua kwa macho ni ipi ambayo kanzidata bado inaihitaji, na ukifuta isiyofutwa umejichimbia shimo la pili kabla ya kutoka kwenye la kwanza.

Swali lililobaki lilikuwa moja. Logi zile hazikupaswa kuwepo, kwa sababu Exchange huzisafisha yenyewe kila inapoarifiwa kwamba nakala kamili imechukuliwa. Niliandika amri ya Get-MailboxDatabase na kuiongezea -Status, nikashuka hadi mstari unaoitwa LastFullBackup. Ulikuwa mtupu. Hapakuwa na tarehe wala saa. Programu ya nakala ilisema imefanya kazi kila usiku. Exchange ilisema haina kumbukumbu ya nakala kamili hata moja. Wote wawili walikuwa wakweli, ila walikuwa wakiishi nyumba moja bila kusemezana.

Anayepaswa kuwasemezesha ni kipande kidogo cha programu kinachokaa ndani ya mashine pepe, pamoja na draiva zake. Watu wengi hawajui kama wanacho, na wengi wa wanaojua hawajawahi kukikagua.

Fikiria karani wa fedha na daftari lake kubwa. Ameshaandika upande wa kutoa kwamba shilingi milioni tatu zimeondoka akaunti ya Asha, na kalamu iko njiani kwenda upande wa pili kuandika kwamba zimeingia kwa Juma. Ukimpiga picha sekunde hiyo hiyo kupitia dirishani, picha itakuwa safi na maandishi yatasomeka, ila fedha zimetoka kwa mmoja na hazijafika kwa mwingine. Seva mama, ile inayobeba mashine pepe, inapozinakili hufanya kazi ya mpiga picha wa dirishani. Inaona diski kutoka nje, haimwoni karani. Lazima awepo mtu ndani ya chumba wa kusema: weka kalamu chini kidogo.

Bila mtu huyo unapata nakala inayofanana na kompyuta iliyokatikiwa umeme ghafla. Sisi tuliokulia na mgawo wa umeme tunaijua hali hiyo. Kompyuta huwaka tena, na kanzidata za kisasa mara nyingi huinuka, kwa sababu zimesanifiwa kusoma logi zao na kumalizia zilichokuwa zinafanya. Mara nyingi, lakini si siku zote. Na kama ulivyoona pale chuoni, hata nakala inayoweza kurejeshwa inaweza kuwa inajaza diski kimyakimya.

Kwenye Windows kazi ya kumwambia karani aweke kalamu chini hufanywa na huduma iitwayo Volume Shadow Copy Service, au VSS, iliyoanza na Windows XP mwaka 2001 na kukomaa kwenye Windows Server 2003. Ndani yake mna wahusika watatu. Mwombaji ni programu ya nakala, anayesema nataka picha. Mwandishi ni sehemu ya kila programu kubwa, Exchange anaye wake, SQL Server anaye wake, na kazi yake ni kukamilisha alichokuwa anaandika na kutulia. Mtoaji ndiye anayepiga picha yenyewe. Wakishakubaliana, mambo huenda mbio. Waandishi kwa jumla hawaruhusiwi kuzuiwa zaidi ya sekunde 60, wa Exchange hutosheka na sekunde 20 tu, na lile zuio la mwisho, ambapo diski nzima haiandikwi kitu, lina kikomo cha sekunde 10. Muda ukipita, kila mtu anarudi kazini na picha inahesabika haikupigwa.

VMware, ambao programu yao ndiyo iliyobeba mashine pepe za chuo na waliotoa ESX Server mwaka 2001, hawakuanza na VSS. Kwa miaka kadhaa walitegemea draiva moja ya kuzuia maandishi ya diski kwa muda mfupi. Ukikutana na mashine ya zamani ya Windows Server 2003 bado utaiona kwenye orodha ya draiva ikiitwa LGTO_SYNC. Herufi zile nne za mwanzo ni kifupi cha Legato, kampuni ya programu za nakala iliyonunuliwa na EMC mwaka 2003, na EMC hao hao ndio walioinunua VMware muda mfupi baadaye. Draiva ile iliweza kutuliza mfumo wa mafaili, lakini haikujua chochote kuhusu karani aliye juu yake. Msaada wa VSS uliingia kwenye VMware Tools, kile kipande kinachokaa ndani ya mashine pepe, mwaka 2008, na ESX 3.5 Update 2. Tangu hapo VMware Tools ya Windows ina kipengele chake cha VSS, na huduma yake huonekana kwenye orodha ya huduma kwa jina la VMware Snapshot Provider.

Tatizo ni kwamba VMware Tools ni mfuko wenye vitu vingi. Ndani yake kuna draiva ya kadi ya mtandao ya VMXNET3, draiva ya diski ya PVSCSI, draiva inayorudisha kumbukumbu ya RAM kwa seva mama, draiva ya skrini, ya kipanya, na hicho kipengele cha VSS. Anayeifunga anaweza kuchagua vipengele, na miaka kadhaa iliyopita mtu fulani pale chuoni alichagua. Labda alifuata mwongozo wa programu nyingine ya nakala waliyokuwa wanaitumia wakati ule. Mtu huyo alishahama kazi, na programu hiyo nayo ilishabadilishwa.

Skrini ya vSphere, ambako mashine pepe za VMware husimamiwa, haikuonyesha dalili yoyote. Ukitazama mashine pepe kutoka nje, inakuambia Tools inafanya kazi na toleo lake ni la sasa. Hayo yote ni kweli, ila haikuambii ni vipande vipi vya Tools vilivyomo. Toleo na vipande ni mambo mawili tofauti, na mtu anayekagua toleo peke yake ni kama anayekagua tarehe ya leseni ya gari bila kutazama kama lina breki.

Kwa hiyo ukaguzi unafanyika ndani ya mashine yenyewe. Ninaanza kwenye orodha ya huduma na kuitafuta VMware Snapshot Provider. Ikiwepo, utaikuta imewekwa kuwashwa kwa mkono na imesimama. Usiiwashe, ndivyo inavyokaa hadi iitwe. Isipokuwepo, umepata jibu lako. Kisha nafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika vssadmin list writers. Orodha ndefu hushuka, kila mwandishi na jina lake, hali yake, na hitilafu yake ya mwisho. Unachotaka kuona ni mstari unaosema State: [1] Stable, na chini yake Last error: No error. Soma hadi mwisho. Mara nyingi anayesumbua yuko katikati ya orodha, amezungukwa na wenzake kumi wazima, na mbele yake pameandikwa Failed na Timed out. Huyo alizidiwa na muda. Tafuta ni kazi gani nyingine iliyokuwa inakimbia saa ile ile, ukaguzi wa virusi kwa mfano, uzitenganishe. Kisha washa upya huduma inayombeba mwandishi huyo. Kwa Exchange 2013 ni huduma ya Replication. Kuwasha seva nzima upya kunaweza kusubiri.

Pale chuoni waandishi wote walikuwa wazima. VMware Snapshot Provider ndiyo haikuwepo. Tulienda kwenye orodha ya programu zilizofungwa, tukachagua VMware Tools, kisha kubadilisha badala ya kuondoa, na dirisha la vipengele likafunguka. Karibu na maneno Volume Shadow Copy Services Support palikuwa na alama nyekundu ya X. Ndogo mno. Kijana aliitazama kwa muda bila kusema, kisha akauliza, "Ina maana miaka yote hii, kaka?" Ndiyo, miaka yote hii.

Hapa nina maneno mawili kwa atakayefanya kazi hii kwenye seva iliyo hai. La kwanza: badilisha kipengele, usiondoe VMware Tools yote ukidhani utaifunga upya. Kwenye Windows za zamani, ukiiondoa yote draiva ya VMXNET3 inaondoka nayo, kadi ya mtandao inapotea, na kama uliingia kwa mbali umejifungia nje. Kama diski ya kuwashia iko kwenye PVSCSI, unacheza na kitu kibaya zaidi. La pili ni kwa wanaopenda kufanya kazi kwa amri moja kwenye mashine arobaini: neno ADDLOCAL=ALL halileti kile ulichokikosa tu, linaleta kila kitu, zikiwemo draiva za NSX za kuchungulia mafaili ambazo ofisi nyingi hazina matumizi nazo na zinaweza kugombana na programu yao ya virusi. Weka ulichokitafuta, na uongeze REBOOT=R ili seva isijizime na kujiwasha mchana watu wakiwa kazini.

Tuliongeza kipengele, tukaiwasha seva upya usiku, nakala ikachukuliwa, alama ya kijani ikatokea. Asubuhi niliuendea mstari ule nikiwa na uhakika.

LastFullBackup ilikuwa bado tupu.

Lakini mistari michache chini yake palikuwa na kitu kipya: LastCopyBackup, na mbele yake tarehe ya usiku uliopita. Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha mambo yakafunguka. Exchange sasa ilikuwa imesikia. Iliombwa itulie, ikatulia, ikapigwa picha. Ila iliambiwa kwamba hii ni nakala ya pembeni, ichukue na iendelee na mambo yake, isiguse logi. Mtoaji wa VMware kwa kawaida yake huomba aina hiyo ya nakala.

Nimewasikia mafundi wakiulaumu uamuzi huo, na mimi siwaungi mkono. Fikiria ofisi ambapo msimamizi wa kanzidata ana utaratibu wake ndani ya SQL Server: nakala kamili Jumapili, na kila siku nakala ya tofauti inayohesabiwa kuanzia ile ya Jumapili. Mtu wa mashine pepe akija Jumatano usiku na nakala yake iliyotangazwa kuwa kamili, mahali pa kuanzia kuhesabu panahama bila mwenyewe kujua. Siku ya kurejesha, nakala za Alhamisi na Ijumaa hazitashikana na ile ya Jumapili. VMware waliamua kutogusa kazi ya mwingine. Ni adabu nzuri. Tatizo linakuja pale ambapo hakuna mwingine, na nakala ya mashine pepe ndiyo nakala pekee iliyopo, kama ilivyokuwa chuoni.

Ndiyo sababu kampuni za programu za nakala, Veritas wakiwemo, zilitengeneza watoaji wao wanaoweza kuomba nakala kamili na kuiruhusu Exchange isafishe logi. Lakini watoaji wawili hawakai pamoja kwenye kiti kimoja. Ukitaka wa programu ya nakala afanye kazi hiyo, wa VMware lazima aondoke, na hapo ile alama nyekundu ya X inageuka kuwa kitu sahihi. Nadhani hiki ndicho kilichompata yule aliyetutangulia. Aliondoa mtoaji wa VMware kwa sababu nzuri, akaweka wa programu yake, kisha ofisi ikabadilisha programu na mtoaji wake akaondoka nayo. Kiti kikabaki kitupu, na hakuna aliyeandika popote.

Tukarudi kwenye dirisha lile lile na kukiondoa kipengele tulichokuwa tumekiweka siku moja kabla, safari hii tukijua kwa nini. Tukamfunga mtoaji wa programu ya nakala waliyonayo sasa na kuthibitisha kwenye orodha ya huduma kwamba yeye yupo na mwenzake hayupo. Katika mipangilio ya kazi ya usiku tukachagua nakala kamili kwa programu. Kabla ya kuondoka nilimwomba kijana afungue faili la maelezo ya seva ile na aandike tarehe, kipengele kilichoondolewa, kilichowekwa, na sababu. Aliandika mistari minne. Kama mtangulizi wake angeandika hata miwili, chuo kisingekosa barua pepe Jumatatu ile.

Wenye Linux wasidhani sura hii inawapita. Kwenye VMware wao hutumia open-vm-tools, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2007, na kwenye KVM na Proxmox ni qemu-guest-agent. Vyote hutuliza mfumo wa mafaili, na hapo ndipo vinapoishia. Hakuna mwandishi wa MySQL anayesubiri kuitwa. Kazi hiyo ni ya skripti mbili unazoziandika mwenyewe, moja ya kabla ya kutuliza na moja ya baada, na kwenye VMware mahali pake pa asili ni /usr/sbin, kwa majina pre-freeze-script na post-thaw-script. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye ofisi ndogo zinazotumia Proxmox ni la nusu kwa nusu: wameweka alama ya kuruhusu wakala kwenye mipangilio ya mashine, lakini ndani ya mashine huduma yenyewe haijafungwa. Au imefungwa ndani, na nje haijaruhusiwa. Amri ya qm agent ikifuatiwa na namba ya mashine na neno ping inakujibu papo hapo kama pande mbili zinasikilizana.

Kwenye VMware kuna jaribio ninalolipenda kuliko kusubiri usiku, kwa mashine zinazotumia mtoaji wa VMware. Chukua snapshoti kwa mkono saa tulivu, ondoa alama kwenye chaguo la kuhifadhi kumbukumbu ya RAM, weka alama kwenye chaguo la kutuliza mfumo wa mafaili wa mashine. Kisha ingia ndani usome kumbukumbu za matukio za Windows za dakika hizo mbili tatu. Utawaona waandishi wakitulia na kuachiwa, au utaiona hitilafu ikiwa bado ya moto. Ukimaliza, futa snapshoti ile siku hiyo hiyo. Snapshoti iliyosahauliwa hunenepa hadi kuijaza hifadhi ya seva mama yenyewe.

Chuoni nakala ya usiku wa tatu ilianza saa sita. Kijana hakulala. Saa saba na robo alinitumia picha ya skrini: tukio namba 224 kutoka kwa injini ya kanzidata, linalotangaza kwamba faili za logi zinafutwa. Logi kwenye diski zilishuka kutoka gigabaiti 200 hivi hadi chini ya gigabaiti 10. Chini ya picha aliandika, "Kaka, mstari una tarehe."

Ewe unayesoma na una mashine pepe zinazokutegemea, anza na moja, ile ambayo ikilala ofisi nzima inalala. Ingia ndani yake leo, tazama orodha ya huduma, endesha vssadmin list writers, kisha uiulize kanzidata yenyewe ni lini mara ya mwisho ilipochukuliwa nakala kamili. Jibu lake liandike kwenye faili la seva, na tarehe.